Saa Tano Usiku Ndipo Ninapoingia Kazini

Saa kumi jioni naamka. Nikiwa na wageni wa kuwaongoza mlimani usiku, mchana ni wa kulala, ingawa joto la kijiji chetu, Engare Sero, halimwachi mtu alale. Kabla ya kunawa uso natoka nje kuuangalia mlima. Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo hai: kwa Kimasai chetu, Mlima wa Mungu. Leo hauna wingu.

Saa moja usiku nawakuta wageni kambini, wanne kutoka Dar es Salaam. Kampuni iliyowauzia safari iliwaambia ni matembezi tu ya kwenda kuona jua likichomoza. Ninaanza upya: kilele kiko mita 2,962, njiani hakuna kibanda, hakuna maji, hakuna mti wa kujikinga. Tunapanda usiku kwa sababu mchana bonde hili la Natron huweza kufika nyuzi 40. Nakagua viatu. Kaka mmoja ana raba za soli laini. Namwambia hazifai.

"Mimi nakimbia kilomita kumi kila Jumamosi," ananijibu.

Wenye hoteli wanamtafutia buti za kuazima, anazikataa. Nampa fimbo yangu.

Saa tano gari linatuchukua, saa sita tunaanza kupanda. Mimi mbele, mdogo wangu, ambaye ndiye msaidizi wangu, nyuma. Saa mbili za kwanza ni nyasi na majivu, mtu anaweza kupiga soga.

Saa nane na nusu soga zinakwisha. Hapo mlima unasimama kama paa la nyumba. Unapita kwenye mifereji ya majivu yaliyogandamana, unapiga hatua moja, unateleza nusu yake. Watu wengi hudhani mwongozaji analipwa kwa kuijua njia. Njia hata mbuzi wanaijua. Ninalipwa kwa kusikiliza pumzi za watu gizani: nani anahema vibaya, nani amenyamaza ghafla, nani ameanza kukokota mguu.

Yule kaka alinipita mara mbili. Mara mbili nikamwambia, "Kaka, rudi nyuma yangu." Kila dakika chache anauliza kama bado mbali. Mara ya tatu alipita pembeni, akakanyaga jiwe bovu. Nilisikia mlio kabla sijaona kitu. Nikapiga kelele, "Jiwe!" Dada aliyekuwa chini yetu alijilaza ukutani mwa mfereji, na lile jiwe, kubwa kama sufuria ya ugali, likapita alipokuwa amesimama. Tukalisikia likiendelea kushuka kwa muda mrefu.

Tulikaa chini wote. Nikamwambia kaka kuanzia sasa utaweka mguu pale ninapoutoa mimi. Akasema amelipa hela zake. Nikamwambia hata yule dada amelipa.

Sijui ilikuwa saa ngapi miguu yake ilipokataa, labda kumi na robo. Misuli imekaza, mikono inatetemeka, maji yake yamekwisha. Nikampa lita yangu moja. Akaniomba nimwache hapo wenzake waendelee, atatusubiri. Mtu hawezi kuachwa peke yake gizani kwenye mteremko ule. Nikamkabidhi mdogo wangu wale watatu, nikamkumbusha mtu asisogelee ukingo wa kreta, nikabaki. Nilimfunika shuka langu, tukakaa mgongo kwenye mwamba.

Tulikuwa upande wa magharibi, kwa hiyo jua hatukuliona. Tuliona kivuli cha mlima kikilala mbele yetu, pembetatu ndefu juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Yule kaka hakutoa simu. Akaniuliza kwa nini tunauita wa Mungu. Nikamweleza kuhusu mama yangu: alikaa miaka sita bila mtoto, akaja na wanawake wenzake chini ya mlima huu, wakaimba, wakamwomba Engai, Mungu wetu. Mwaka uliofuata nikazaliwa. Nikamweleza pia mwaka 2007 mlima ulipolipuka, majivu yakafunika malisho tukahamisha ng'ombe. Ni mlima uleule.

Wale watatu walishuka wakisimulia lava nyeusi kama oili chafu, na ile ya zamani iliyogeuka nyeupe kama chokaa. Volkano nyingine inayotoa lava ya aina hii leo haipo duniani, na kila mgeni anapoiona nafurahi kama nimeionyesha nyumba yetu.

Kushuka ndiko kunakomaliza magoti. Kaka alishuka kwa makalio sehemu kubwa, mkono wake begani kwangu, jua likitupiga kisogoni. Chini, kabla ya kupanda gari, alimwendea yule dada akamwomba radhi. Mimi alinirudishia fimbo kwa mikono miwili.

Nyumbani nikamwaga majivu kutoka kwenye viatu. Simu ina ujumbe: wageni wawili, usiku huu. Mama yuko mlangoni na chai.

"Umeamkaje?" anauliza. Anaulizia mlima.

"Umetulia, mama."

Akanimiminia chai.