Ng'ombe ndani ya maktaba

Mwezi wa saba 2022 nilikuwa Melbourne nasomea uhasibu, na kama wabongo wengi wa kule, usiku na wikiendi nilikuwa natunza wazee. Mwaka ule serikali ilikuwa imeondoa kile kikomo cha saa 40 kwa wiki mbili kwa wanafunzi wa nje, kwa hiyo ukitaka kupiga kazi mpaka udondoke hakuna wa kukuzuia, na mi nilikuwa nakaribia kudondoka. Mmoja wa wazee wangu alikuwa bibi wa miaka 81, mwalimu mstaafu, macho yameanza kumwacha ila akili wembe. Aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Nilijaribu siku mbili ulimi ukagoma, we utamwitaje mtu wa umri ule jina kavukavu? Nikaanza kumwita Bibi, akauliza maana yake, akalipenda, likabaki hivo.

Kwenye makaratasi kazi yangu ilikuwa kumpikia, kumkumbusha dawa na kumtoa kitandani mpaka kwenye kiti. Kiuhalisia nilikuwa redio yake, namsomea riwaya za Australia kwa sauti. Tulianza na Cloudstreet ya Tim Winton, ya 1991, familia mbili zinagawana jumba moja bovu kule Perth kwa miaka ishirini, na wengine wamefungua duka chumba cha mbele. Nikamwambia Bibi hii ni nyumba ya kupanga kabisa, ni Mwananyamala hii, tofauti ni choo tu. Tatizo Winton haweki alama za usemi, unasoma kwa sauti unajikuta umeshamaliza sentensi ya baba kwa sauti ya mtoto, ndo unashtuka, unarudi nyuma, Bibi anacheka mpaka anakohoa. Baadae Helen Garner. Huyo Bibi alikuwa anamwongelea kama shoga yake wa mtaani. Garner alikuwa mwalimu, akafukuzwa kazi 1972 kwa sababu aliwajibu wanafunzi maswali yao ya mambo ya ngono bila kupindisha, miaka mitano baadae akatoa Monkey Grip. "Wangemwacha darasani tusingepata kitabu," Bibi alikuwa anasema hivo karibu kila wiki.

Sasa Bibi alikuwa na klabu yake ya vitabu kwenye maktaba ya mtaa, lokdauni zilikuwa zimeivunja, ndo wanaanza kukutana tena uso kwa uso. Jioni moja ya baridi, ile baridi ya Melbourne yenye mvua ya kuchokoza, akaniomba nimpeleke. Zamu yangu ilikuwa inaishia saa kumi na mbili, klabu inaanza hiyohiyo saa kumi na mbili. Nikaenda hivohivo. (Saa zile za ziada kampuni haikunilipa, na wiki iliyofuata nikaandikiwa barua ya onyo juu. Haya.)

Tulikuta watu kama kumi na wawili wamekaa duara, chai, keki za lamington zile zinazoviringishwa kwenye nazi iliyokunwa. Nikamweka Bibi mahali pake, nikaenda kukaa nyuma karibu na hita, nikafungua simu, mi ni msukuma kiti cha magurudumu tu. Kitabu cha siku hiyo The Yield cha Tara June Winch, kilichochukua tuzo ya Miles Franklin 2020. Nilikuwa tayari nimeshamsomea Bibi karibu nusu. Ni habari ya binti anarudi kutoka Uingereza kumzika babu yake, anakuta kampuni ya machimbo ya bati inataka eneo lao, na babu kabla hajafa alikuwa anaandika kamusi ya lugha yao, Kiwiradjuri, moja ya lugha za wenyeji wa asili wa Australia, anaianzia herufi za mwisho anarudi nyuma. Kila neno analipatia kisa chake. Kwa kweli zile kurasa za kamusi ndo kitabu, mengine ningeyaruka.

Wakakwama mwanzoni kabisa. Babu anaanza na neno la nchi yake, ardhi yake, Ngurambang, na anasema ukilitamka sawasawa linagonga nyuma ya kinywa mpaka unasikia ladha ya damu. Mama mmoja akasema "Nagurambang". Mzee wa pembeni "Engurambang". Mwingine akaiacha N kabisa. Wanacheka kwa aibu, maana pale kwenye duara alikuwepo mama mtu mzima wa Kiwiradjuri mwenyewe, wote wanamwita Anti, sio kwamba ni shangazi yao, ni heshima tu, kama sisi tunavyosema Anti. Yeye katulia na kikombe chake, hamsaidii mtu.

Bibi akageuza shingo. "Mpeni kitabu yule kijana. Jina lake lina hiyo sauti."

Ni kweli. Jina langu la ukoo linaanza na Ng'w, la Kisukuma. Kwenye beji ya kazini walikuwa wameufuta ule mkato wa juu, kila mtu analitamka anavyojua yeye, nilishazoea. Nikaletewa kitabu na keki nimeishika mkono mwingine. Nikasoma Ng'urambang, ng' ya ng'ombe, wala sikufikiria.

Kimya. Anti akaweka kikombe chini.

"Tena."

Nikarudia. Akatabasamu kidogo, ndo akaanza kuongea, na aliongea nusu saa. Alimtaja Mzee Stan Grant, aliyeshirikiana na John Rudder kuandika kamusi ya kweli ya Kiwiradjuri, ambayo Winch aliitegemea. Babu yake Grant aliwahi kutiwa ndani na polisi kwa kusema lugha yake hadharani. Kwa kusema tu. Halafu mtu mwingine akaongeza kwamba Winch alipokuwa bado mdogo kwenye uandishi alilelewa na Wole Soyinka, yule mwandishi wa Nigeria, 2008 hivi, ulikuwa mpango wa kumuunganisha mwandishi chipukizi na mkongwe, na wote wakanigeukia kana kwamba Soyinka ni mjomba wangu. Nikaitikia kwa kichwa, ningefanyaje.

Afu Anti akaniuliza mimi. "Na jina lako maana yake nini?"

Nikamwambia nusu ya kwanza, ng'wana, ni mwana, mtoto wa. Akalitamka, ng'wana, mara ya kwanza tu, safi. "Mtoto wa nani?"

Hapo ndo nikaganda. Nusu ya pili sijui. Nimezaliwa Dar, baba yangu mfanyakazi wa serikali amehamishwa mikoa mitano, nyumbani ni Kiswahili tu, kilugha kilikuwa cha wageni kutoka Shinyanga wakija na mchele. Mi najua mwangaluka asubuhi na mwadila mchana, basi, na hata hizo nazisema kama mtalii. Watu kumi na wawili wananiangalia kwa upole, ule upole unaouma. Nikasema sijui. Anti hakusema kitu, akanisogezea sahani ya keki.

Kwenye gari Bibi alikuwa anafanya mazoezi. Nnn-gombe. Inn-gombe. Nikamwambia anza na sing, neno lenu wenyewe, shikilia pale mwisho, usiiachie, sasa ingiza ombe. "Sinnng-ombe." Mataa yote mpaka kwake, sing-ombe, sing-ombe, mpaka namvua koti bado anaimba, sing haikutoka.

Nilifika chumbani saa tatu usiku, Dar ilikuwa saa nane mchana. Nikampigia baba.

"Jina letu lile nusu ya pili maana yake nini?"

"Umefiwa?"

"Hapana, nauliza tu."

Nikasikia anavuta kiti. "Babu yako ndo alikuwa anajua. Mimi sikuwahi kumuuliza." Kimya kidogo. "Nani anataka kujua?"

"Kuna mama mmoja nimekutana naye maktaba."

"Msukuma?"

"Hapana baba. Mwiradjuri."

"Hao wa wilaya gani?"