Dirisha la Kushoto, Arusha hadi Moshi

Arusha ya Julai huamka imefunikwa. Stendi asubuhi makonda walikuwa ndani ya makoti mazito, na Mlima Meru, wenye mita 4,566, haukuonyesha hata mguu. Nikachagua siti ya dirishani, kushoto. Anayekwenda Moshi kutazama anga asikubali kukalishwa kulia. Milima yote miwili, Meru na Kilimanjaro, iko kaskazini mwa barabara.

Mawingu yaliyotufunika, ya kijivu na yenye mabonge, ni stratokumulusi. Jina hilo limeungwa kutokana na mawili ya Luke Howard, mtengenezaji dawa wa London, ambaye mwaka 1802 aliyapanga mawingu kwa maumbo: yaliyotandaa ni stratusi, yaliyorundikana ni kumulusi, ya nyuzinyuzi ni sirusi, na la mvua ni nimbusi. Leo Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatambua jenasi, yaani aina kuu, 10, na kimo nacho kinahesabiwa. Kwetu sisi wa ukanda wa tropiki, mawingu ya chini huishia kilomita 2, ya kati ni kuanzia 2 hadi 8, ya juu kuanzia 6 hadi 18.

Maumbo hata mtoto anayaona. Kimo ndicho kinachosumbua, kwa sababu wingu likiwa peke yake angani huna cha kulipimia. Barabara hii inayo rula.

Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, bado kijivu. Kuelekea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, migomba ilikwisha, vumbi likaanza, na mawingu yakachanika. Uwanda ule ni mkavu, hauna mteremko wa kuisukuma hewa ipande. Karibu na Boma Ng'ombe, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akatokea.

“Umeuona mlima, mwanangu?” akauliza mama niliyekaa naye. “Leo umevaa kofia.”

Kweli, juu ya kilele palikuwa na wingu laini, la duara, lisilosogea: altokumulusi lentikularisi, wingu la kati lenye umbo la lenzi. Kutosogea kwake ni kiini macho. Upepo unapanda mlima, hewa inapoa, mvuke unageuka matone. Ikishuka upande wa pili inapata joto na matone yanakauka. Wingu linazaliwa upande mmoja na kufa upande mwingine, muda wote.

“Na kofia hiyo ina maana gani, mama?”

“Huko juu kuna upepo. Wapagazi hawaipendi.”

Juu zaidi ya kofia kulikuwa na michirizi myeupe ya sirusi, ambayo ni chembe za barafu. Hapo ndipo rula inapofaa. Kibo ana mita 5,895, hivyo sakafu ya mawingu ya juu anaikosa kwa mita 105 tu. Angekuwa karibu na ncha za dunia, ambako mawingu ya juu huanzia kilomita 3, hata Meru angeyatoboa.

Moshi sikukaa, nikadandia hiace ya Kibosho. Kwenye mashamba ya kahawa tukaingia ndani ya wingu lenyewe. Stratusi ikigusa ardhi na macho yasifike kilomita 1, wapimaji wa hali ya hewa huandika ukungu. Mimi hata mgomba wa tatu sikuuona.

“Shikamoo, babu. Hii italeta mvua?”

“Marahaba. Hii?” Mzee hakuacha kupalilia. “Hii inalowesha majani tu. Mvua yenyewe ngoja vuli, uone wingu linasimama wima kule bondeni mchana, jeusi chini, kichwa kimetanuka.”

Alikuwa akinieleza kumulonimbusi, linaloanzia tabaka la chini na kuyapita yote matatu. Katika tropiki kichwa chake huweza kufika kilomita 15. Hizo ni Kibo mbili na nusu zikipandana.