Baiti 128 chini ya steki

Kijana mmoja wa Sinza, ambaye nilikuwa nikimwelekeza mambo ya kompyuta, alinipigia jioni moja. "Dada, shikamoo. Keneli yangu inakosea hesabu, na sababu siioni." Nikapanda daladala, nikashuka Kijiweni.

Alikuwa ameandika keneli ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya prosesa za x86-64, anaijaribu ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta. Funksheni yake ya kujumlisha ilitoa jibu sahihi mara nyingi, kisha ghafla ikatoa namba ya ajabu. Nilipitia msimbo wake wa C na sikuona kasoro. Tukazima intarapti ya saa, ishara inayoikatiza prosesa kazi yake, iliyokuwa ikigonga mara 100 kwa sekunde. Kosa likatoweka.

Hapo nikamwomba tutazame maagizo ya mashine yenyewe. Funksheni ilikuwa inaandika namba zake chini ya rsp, kielekezi cha ncha ya steki (kumbukumbu ya muda ya funksheni, inayokua kwenda chini), bila kuishusha kwanza. Kompaila, programu iliyogeuza C kuwa maagizo hayo, ilikuwa na haki hiyo: kanuni za System V za AMD64 (yaani x86-64) zinairuhusu funksheni isiyoita nyingine kutumia baiti 128 zilizo chini ya kielekezi cha steki. Inaokoa maagizo mawili, na kwa programu ya kawaida ni salama, kwa sababu intarapti ikiingia prosesa huhamia steki ya keneli, na keneli yenyewe ikiitumia programu signali, yaani taarifa ya ghafla, huziruka baiti hizo.

"Sasa ndani ya keneli nani anaziruka?" akauliza.

Hakuna. Nililipenda sana swali lile. Prosesa ikiwa tayari ndani ya keneli haibadilishi steki, isipokuwa umeipangia nyingine. Inasukuma palepale rejista zake tano, SS, RSP, RFLAGS, CS na RIP, baiti 40, juu ya namba za funksheni, kama mgeni anayetandika mkeka juu ya mpunga ulioanikwa. Prosesa haijui kanuni za kompaila, wala kompaila haijui kwamba inajenga keneli mpaka iambiwe. Naamini kazi ya mwandishi wa keneli iko hapo hasa, katikati ya hao wawili.

Tukaongeza -mno-red-zone, chaguo linaloikataza kompaila kutumia baiti zile 128, lilelile ambalo keneli ya Linux hujengwa nalo, tukakompaili upya na kuwasha saa. Majibu yakatoka sahihi.

"Na libgcc je, Dada?" Alikuwa ameiunganisha maktaba hiyo ya kompaila ya GCC kwenye keneli, nayo ilijengwa bila chaguo hilo. Tukaanza kuijenga upya usiku uleule.