Kumbe na Kanada wabunge wanahama chama "kuunga mkono juhudi"!

Leo mchana kazini, hapa Newmarket, mzee mmoja kanipa stori ya mbunge wao wa zamani, Belinda Stronach.

Dada alikuwa bosi wa Magna, kampuni ya vipuri vya magari iliyoanzishwa na babake. 2004 akaingia bungeni kwa tiketi ya Conservative, chama cha upinzani.

Mei 17, 2005 akahamia Liberal, chama tawala. Siku hiyohiyo, uwaziri!

Siku mbili baadaye, kura ya bajeti: 152 kwa 152. Spika ndiye akavunja sare kwa kura yake, akaiokoa serikali ya Waziri Mkuu Paul Martin wa Liberal.

Na ubunge akabaki nao. Kwetu Bongo ukihama chama, kiti kinakwenda.

Mzee bado ana hasira jamani. "Nilimpigia kura mimi!" Anagonga meza kwa kidole, kahawa inamwagika, wala haoni.

Wadau, akihama, kiti abaki nacho au turudi kupiga kura?