Kupima pumzi yangu kwa kigoda na uwanja wa shule

Wiki ya 1. Nina miaka 41, siumwi chochote, ila nikifika ghorofa ya nne kazini natweta. Je, ndiyo kawaida ya umri huu? Maabara humvisha mtu barakoa, akakimbia kwenye mashine huku oksijeni anayotumia ikipimwa: mililita kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Mimi hapa Tanga nina simu na seremala.

Nimeanza na kipimo cha kukadiria oksijeni hiyo bila maabara, cha chuo cha Queens College, New York. Unapanda na kushuka kigoda dakika 3, mwanamume mara 24 kwa dakika, mwanamke 22, kisha unahesabu mapigo ya moyo kuanzia sekunde ya 5 hadi ya 20. Kimo ni sentimita 41.3. Fundi akanikatia futi moja na nusu: "Si ileile tu, kaka." Siyo ileile, hiyo ni 45.7! Mapigo 42, zidisha kwa 4, unapata 168. Hesabu ya wanaume: 111.33 − (0.42 × 168) = 40.8.

Wiki ya 2. Miguu ya kigoda imepunguzwa. Mapigo 39, jibu 45.8. Nilitamba nyumba nzima, mpaka nikagundua kwamba ukikosea pigo moja tu katika zile sekunde 15, jibu linayumba kwa 1.7. Mke wangu amepata 37.7 kwa hesabu ya wanawake, na hakutoka hata jasho la maana.

Mzee jirani naye alitaka kujaribu. Ana presha, nikamwambia aanze kwa daktari. Amenuna.

Wiki ya 3. Kipimo cha Kenneth Cooper, daktari wa Marekani, cha mwaka 1968: kimbia dakika 12, pima umbali kwa mita, toa 504.9, gawa kwa 44.73. Uwanja wa shule tuliuzungushia futikamba, mzunguko mmoja mita 310. Nilikimbia saa kumi jioni, jua bado kali, na nikaanza kama mwizi anayefukuzwa. Mzunguko wa tatu nikawa natembea. Mita 2,150, yaani 36.8.

Mtu yuleyule, 45.8 na 36.8! Nikarudi kusoma. Cooper alipata hesabu yake kwa wanaume 115 wa jeshi la anga la Marekani. Ile ya kigoda ilitoka kwa wanafunzi wa chuo. Kwa hiyo "kawaida" niliyokuwa naitafuta ilikuwa ya watu hao, wala si ya karani wa Tanga. Tena kwenye joto moyo una kazi mbili, kulisha misuli na kupeleka damu kwenye ngozi ipoe.

Wiki ya 5. Saa kumi na mbili alfajiri, mwendo mmoja tangu mwanzo. Mita 2,340, jibu 41.0. Hii ndiyo naiandika kwenye daftari kwa wino, zile nyingine zibaki za penseli.

Jumamosi fundi mwenyewe anapanda kigoda chake. Ameshauliza kama ndala zinaruhusiwa.