Tanki unalo tayari, sasa umuweke buibui gani?

Kuna meseji napata mara kwa mara toka kwa Waswahili wenzangu tulioko huku Uingereza, na juzi imekuja tena safari hii toka kwa binamu yangu: "Shikamoo kaka, jirani kanipa tanki la samaki bure, sentimita 60 kwa 30, kimo 36, nataka kufuga tarantula, ninunue yupi?" Marahaba mdogo wangu. (Tarantula ni wale buibui wakubwa wenye manyoya.) Nimefurahi kweli, maana wengi wanaanza na picha ya buibui, wanapenda rangi, wananunua, alafu ndo wanatafuta pa kumuweka na anaishia kukaa kwenye boksi lisilomfaa miaka na miaka. Nakujibu hapa ili na wengine wasome.

Cha kwanza sahau habari ya lita. Samaki anaogelea tanki zima, buibui hafanyi hivyo, yeye ana sehemu yake na hiyo ndo inahesabika. Kuna wanaokaa chini juu ya udongo, kuna wanaokaa mitini, na kuna wanaochimba wakaingia ardhini. Angalia tanki lako lina sakafu kiasi gani, kimo kiasi gani, na litabeba udongo wa kina gani.

Dukani watakwambia chukua Brachypelma hamorii, yule mweusi wa Mexico mwenye magoti ya rangi ya chungwa, au Grammostola pulchripes wa Paraguay na Argentina. Ni watulivu, hawafi ovyo, kwa anayeanza sina neno nao kabisa. Shida ni kimo. Ukimwaga udongo sentimita 8 tu kama wengi wanavyofanya, juu inabaki 28 ya hewa tupu, na hawa usiku wanapanda kioo, hasa wiki za kwanza akiwa bado hajapazoea. Tumbo lake ni ngozi nyembamba iliyojaa majimaji, akidondoka toka kule juu akapiga kwenye jiwe au ukingo wa kisosi cha maji linapasuka, na mara nyingi hapo ndo basi. Wafugaji tuna kanuni moja, toka usawa wa udongo mpaka kwenye mfuniko isizidi mara moja na nusu ya urefu wake akiwa amenyoosha miguu. Wa sentimita 14 basi mwisho 21, yani kwenye tanki lako udongo uwe 15. Inawezekana, ila ukishafika kujaza udongo karibu nusu ya tanki mi nasema jaza moja kwa moja, nitakuja huko.

Wa mitini hapana. Yule Caribena versicolor wa kisiwa cha Martinique, anayezaliwa wa bluu alafu akikua anakuwa na kijani na wekundu wa zambarau, najua unamtamani, kila mtu anamtamani. Lakini anataka tanki la kusimama, 30 kwa 30 kwa 45 hivi, gome la mti limesimamishwa, na matundu ya hewa pande mbili ili hewa ipite, maana hewa iliyotuama yenye unyevu ndo inayomuua. Tena anajenga utando wake juu kabisa, kwaiyo ukiwa na mfuniko wa juu kila ukifungua unambomolea nyumba. Anataka mlango wa mbele.

Hiyo ya kujenga juu inawahusu hata wale wadogo wanaoruka, Phidippus regius wa Florida na visiwa vya Karibi, ambao boksi la sentimita 10 kwa 10 kwa 20 linawatosha, mlango uwe chini au ubavuni. Ni viumbe wa ajabu, anakugeukia anakuangalia usoni. Wanaishi mwaka mmoja na kitu tu, wengi hilo hawaambiwi. Na sisi kwetu Ziwa Victoria tuna wa jamii hiyohiyo anaitwa Evarcha culicivora, anawinda mbu walioshiba damu, anawachagua haswa hao. Sio wa kufuga, ila natamani kila mtoto wa kule amjue.

Haya sasa tanki lako. Kwa kimo hicho na kioo kilichotengenezwa kubeba maji, mimi ningekwambia mchukue Pelinobius muticus, buibui mkubwa wa Kenya na Tanzania, rangi ya kutu, miguu ya nyuma minene kama amevaa buti. Wataalamu wamemuandika toka 1885 na kwenye jenasi yake, yani kundi la ndugu zake wa karibu kabisa, yuko peke yake. Jike anaweza kufika sentimita 20 miguu ikinyooshwa na anaishi miaka zaidi ya 20, dume akishapevuka hachukui muda anaondoka. Huyu maisha yake ni shimo. Watu wanamuweka kwenye boksi la udongo kiduchu, anakaa wazi mchana kutwa, kila ukipita anainua miguu ya mbele na kupiga ule mlio wake wa kukwaruza, alafu wanasema ana hasira. Hana hasira, hana pa kwenda! Mpe shimo uone alivyo mtulivu.

Kwaiyo jaza sentimita 25, kwa sakafu yako hiyo ni lita 45 za udongo, changanya udongo wa kawaida usio na mbolea na makumbi ya nazi yaliyosagwa, lowesha kidogo, shindilia tabaka kwa tabaka mpaka shimo likichimbwa lisibomoke. Weka tanki kwenye stendi imara KABLA ya kujaza maana baadae hutalisogeza. Mfuniko usiwe wa wavu, kucha zake zinanasa akaning'inia, tafuta akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, utoboe matundu madogo na uweke kifungo. Usiweke pedi ya joto chini ya tanki, ardhini buibui akisikia joto anachimba kushuka kutafuta ubaridi, na wewe umeweka moto hukohuko chini. Joto la kawaida la chumba chenye hita linatosha. Maji mimina kona moja, yashuke chini, juu pabaki pakavu.

Hana yale manyoya ya kuwasha wanayorusha wa Amerika, lakini sumu yake inauma vibaya, kwaiyo mkono hauingii, ni koleo ndefu tu siku zote. Na kama hujawahi kufuga kabisa na unasita, hakuna aibu, chukua yule wa magoti ya chungwa kwa udongo wa 15.

Ukinunua uliza amezaliwa wapi. Wengi wa aina hii wamechimbuliwa porini kwetu, majike makubwa yaliyochukua miaka mingi kukua, na inaniuma. Tanzania ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016 na mi naunga mkono. Tafuta kitoto kilichozaliwa kwa mfugaji. Kitakuwa kidogo sana na kinakua polepole, usikiweke kwenye tanki kubwa saivi, kitapotea na hutajua kama kinakula, kianzie kwenye kikopo kirefu chenye udongo, utakihamisha kadri kinavyokua.

Siku ya kumhamishia tanki, chukua mti wa ufagio utoboe shimo la mshazari ubavuni kabisa mwa kioo, na kwa nje ubandike karatasi nyeusi. Mara nyingi anakubali kuendeleza shimo ulilomuanzishia, na ukitaka kujua kama amejivua gamba au yuko salama unafunua karatasi unachungulia unafunika, bila kumfukua.