Ozoni na joto la dunia: uhusiano unaoeleweka vibaya

Mara nyingi nasikia watu wakidai kwamba dunia inapata joto kwa sababu tundu la ozoni, yaani kupungua kwa gesi ya angani inayochuja miale hatari ya jua, linapitisha jua jingi, na dhana hiyo hunisumbua, kwa kuwa uhusiano uliopo ni mwingine kabisa. Kilichoharibu ozoni ni klorofluorokaboni, gesi zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia, ambazo mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kuwa zikifika stratosfia, tabaka la juu la angahewa lenye ozoni, huachia klorini inayovunja molekuli za ozoni. Gesi hizo hizo hunasa joto, tena maelfu ya mara zaidi kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Ndiyo maana Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa kimataifa wa kuachana na gesi hizo uliokusudiwa kuokoa ozoni, imepunguza pia ongezeko la joto, jambo ambalo kwa maoni yangu halijapewa sifa linayostahili. Gesi zilizochukua nafasi ya klorofluorokaboni, yaani hidrofluorokaboni, haziharibu ozoni lakini hunasa joto vilevile, hivyo Marekebisho ya Kigali ya itifaki hiyo, ya mwaka 2016, yakaagiza zipunguzwe. Wakati huohuo kaboni dioksidi, inayopasha joto hewa ya chini, huipoza stratosfia, na baridi kali juu ya ncha za dunia ndiyo huunda mawingu yanayoamsha klorini ivunje ozoni.